Futi Tatu na Kidogo

Mita moja ni futi ngapi?

Jibu sasa hivi, bila kufungua kitabu. Ukisema tatu, wewe na mimi tuna kesi moja. Ukisema tatu na kidogo, kesi yako ni mbaya kuliko ya huyo wa kwanza, maana ulijua kuna kitu kimebaki na ukakiacha kibaki. Mimi nilisema tatu na kidogo. Nilisema mbele ya mtu mzima aliyeniamini, na nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu miaka miwili.

Mtu huyo ni Tobia, mpasua mbao wa Kwemtindi, kijiji kilicho chini ya barabara iendayo Soni. Si jumbe wala mzee wa kanisa, na picha yake haijapata kutokea gazetini. Lakini ukiingia nyumba yoyote ya mbao kutoka kwetu mpaka sokoni Lushoto, ukainua macho, kenchi zilizobeba paa huenda zimepita mikononi mwake. Hata sanduku nililokwenda nalo chuoni alilitengeneza yeye. Alikataa kulipwa. Alisema, "Ujaze vitabu, urudi nalo," basi.

Kazi ya kupasua mbao ni ya watu wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo refu kupita kimo cha mtu. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine hushuka shimoni, na msumeno mrefu hupanda na kushuka kati yao. Mtu wa juu ndiye fundi: yeye hupima, hupiga mstari kwa uzi uliochovywa katika maji ya masizi, na huuongoza msumeno. Mtu wa chini huvuta tu, na unga wa mbao humwagikia kichwani, machoni na kinywani kutwa nzima.

Tobia alikuwa mtu wa juu. Mtu wake wa chini alikuwa Ramadhani. Mmoja Mluteri, mwingine Mwislamu, na walikuwa wamevuta msumeno mmoja miaka ishirini na sita.

"Huyu anajiona yuko karibu na Mungu wake," Ramadhani alikuwa akisema, "kumbe amesimama tu juu ya shingo yangu."

"Nikishuka mimi, nani atakulisha?" Tobia humjibu. "Mwezi wa kufunga wewe peke yako unashiba katika kijiji kizima."

"Nilimwuliza shehe kama unga wa mbao unabatilisha saumu. Akasema, huyo anayenimwagia ndiye amwulize Mungu."

Ndivyo walivyofanya kazi, kwa matani, na aliyepita njiani alicheka kabla hajawaona.

Tobia hakujua kusoma. Wakati wa Wajerumani, akiwa kijana, alifanya kazi katika kiwanda cha mbao huko Shume, na Mjerumani mmoja alikuwa na rula ya chuma ya mita moja. Tobia alichukua fimbo ya mti mgumu, akailaza kando ya rula ile, akaikata sawasawa, akaitia alama kumi, na kati ya alama na alama akatia nyingine ndogo. Vita ikaja, Mjerumani akaondoka na rula yake. Akaja Mwingereza na futi. Tobia hakulalamika. Aliigeuza fimbo, akalaza futi ya Mwingereza upande wa pili, akatia alama za futi na za inchi. Tangu siku hiyo fimbo ile ilikuwa na serikali mbili, moja kila upande, nazo hazikupata kugombana.

Akiletewa kipimo cha mita, aligeuza huku. Akiletewa cha futi, aligeuza kule. Hakupiga hesabu hata siku moja. Mtu akimwuliza mita nne ni futi ngapi, alicheka. "Sijui, baba. Mimi sihesabu, mimi nalaza. Kilazwe kitu juu ya kitu, uongo utaonekana wenyewe."

Idadi aliiandika kwa namna yake. Mkato mmoja mdogo pembeni mwa gogo ulikuwa moja. Mkato wa kulala ulikuwa tano, akauita mkono. Mikato miwili iliyopishana ilikuwa kumi, akaiita mikono miwili. Ramadhani, akiwa chini na macho yamejaa unga, alizisoma alama hizo kwa ncha za vidole. "Mikono miwili, mkono, na moja," angepaza sauti kutoka shimoni, nayo ilikuwa kumi na sita, wala hawakukosana. Mimi nilipotoka chuoni niliziona alama zile nikasikitika. Nikamwambia nitamfundisha tarakimu. Nilitaka kumfundisha kila mtu kila kitu mwaka ule.

Sasa sikiliza habari ya kuta.

Pale Kwemtindi kuna kuta nne za matofali ya kuchoma, zilizosimama bila paa tangu mwaka wa 1939. Misheni ilizianza ziwe nyumba ya shule na ya sala. Vita ya pili ikaja, mmisionari wa Kijerumani akachukuliwa kwenda kizuizini, na kuta zikabaki zinanyeshewa miaka kumi na tatu. Mimi ndiye mwalimu wa hapo, na wanafunzi wangu niliwafundisha humo, chini ya majani ya migomba yaliyoegemezwa pembeni, na mvua ikija tuliimba mpaka ipite, maana hakuna aliyeweza kuandika. Mchoro wa nyumba hiyo aliuhifadhi Mzee Hezekia, fundi mwashi na mzee wa kanisa. Ulionyesha boriti tano za kulala kutoka ukuta hadi ukuta, na pembeni mwa kila boriti iliandikwa kwa wino mwekundu: 7,50. Mita saba na nusu.

Mwaka jana, 1952, baada ya barua nyingi, tulipewa kibali cha kukata miti mitano ya mkulo, ile miti mirefu ya mbao ngumu, katika msitu wa Magamba. Mitano, si sita. Karani wa msitu alimwonyesha Hezekia vidole vya mkono mmoja na kusema, "Mkiharibu, msirudi kwangu." Na kibali kilikuwa cha siku kumi na nne, kuanzia siku kilipoandikwa mpaka mbao ya mwisho kutoka msituni. Kazi akapewa Tobia.

Naomba uelewe kazi hiyo ilikuwa nini kwake. Alikuwa amepasua mbao za mabwana shamba, za maduka ya Wahindi, za nyumba za wageni kule Irente. Hakuwa amepata kupasua mbao ya nyumba ambayo wajukuu wake wangekaa ndani yake. Mkewe, Mama Klara, aliniambia kwamba tangu siku ya kibali mzee huyo alikuwa akiamka alfajiri kunoa msumeno uliokwisha kunolewa.

"Nikimaliza boriti hizi," alimwambia mkewe, "hata wakisema sijui kusoma, watasemea ndani ya kazi yangu."

Siku nne za kibali zilikuwa zimekwisha pita katika kutafuta wabebaji. Siku ya tano, Tobia, Ramadhani na mimi tulipita Lushoto ili wao wapande Magamba na mimi nipeleke daftari za shule. Ilikuwa siku ya soko. Karibu na mahali pa kuuzia mbao alisimama bwana mkaguzi wa mizani na vipimo, amekuja safari, na karani wake mbele ya meza. Walikuwa wakikagua pishi, mawe ya ratli, na yadi za wauza kanga. Kisichokuwa na muhuri wa serikali kilichukuliwa.

Karani akaiona fimbo mkononi mwa Tobia.

"Mzee, lete hiyo. Ni ya nini?"

"Ya kupimia mbao, bwana karani."

Karani akaigeuza. "Huku mita? Mita ya nani? Wajerumani walikwisha kwenda kwao."

"Wao walikwenda, bwana. Urefu ulibaki."

Watu wakacheka. Mkaguzi akauliza wanacheka nini, karani akatafsiri, naye hakucheka. Alitazama alama, akalinganisha upande wa futi na rula yake ya shaba. Nilikuwa karibu, niliona: zililingana hata unywele usingepita. Lakini akasema haina muhuri, na upande wa pili ni kipimo ambacho sheria haikitambui katika biashara. Akaiweka chini ya meza pamoja na makopo ya pishi yaliyotobolewa. Tobia akapewa nafasi ya kununua utepe wa futi wenye muhuri, akaununua.

Nilichemka. Nani alitupima sisi kabla ya kutupimia? Kila mtawala aliyepanda milima hii alikuja na fimbo mbili, moja ya kupimia na moja ya kuchapia, na akiondoka huacha mabaki ya zote mbili mwilini mwetu. Hakuna aliyeketi na mzee wa Kishambaa akamwuliza, ninyi mnapimaje? Nilimwambia Tobia, "Jambo hili halitapita hivi. Nitamwandikia Bwana Shauri mwenyewe." Nikawapeleka kwenye mgahawa wa chai, nikaomba karatasi, nikaanza kumwandikia mkuu huyo wa wilaya palepale, kwa Kiingereza, kwa hasira tamu ambayo msomi huipata akiandika juu ya mateso ya mwenzake.

Tobia aliketi mbele yangu. Chai yake hakuinywa. Alikuwa akiuvuta utepe mpya kidogo, akiuacha urudi, akiuvuta tena.

"Mwalimu."

"Naam, Baba Tobia."

"Utepe huu ni wa futi mtupu. Na karatasi ya Hezekia inasema mita saba na nusu. Nitazikata vipi?"

"Mita ni kama yadi tu, baba," nilisema bila kuinua kalamu. "Kila mita, futi tatu."

"Tatu kamili?"

"Tatu na kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo tu. Usijali."

 Nilikuwa nimefika mahali pazuri katika barua, panaposema kwamba chombo cha kazi cha mtu maskini ni heshima yake.

"Basi nirudi kwanza Kwemtindi," alisema Tobia. "Nikalaze kamba ukutani, niikate, nipande nayo Magamba. Kamba haisemi kidogo."

"Nami naona hivyo," akasema Ramadhani. "Kamba ndiyo dini yetu."

Niliweka kalamu chini na nikacheka. Nilicheka kwa upendo, lakini nilicheka. "Baba Tobia, mtapoteza siku nzima kushuka na kupanda, na kibali kinakwisha. Hesabu inatembea upesi kuliko miguu. Saba mara tatu ni ishirini na moja. Nusu ya tatu ni moja na nusu. Futi ishirini na mbili na nusu. Kwisha."

"Ishirini na mbili na nusu," alirudia polepole. "Mikono miwili, mikono miwili, mbili, na nusu." Akatoa kisu, akakata alama hizo juu ya kijiti cha kuni kilichokuwa karibu na meko, akakitia mfukoni.

Mama mwenye mgahawa akamwambia, "Mzee, umeniharibia kuni."

"Nimekuandikia barua, mama," Tobia alimjibu. "Mwalimu anaandika ya Kiingereza, mimi naandika yangu."

Wakaondoka kupanda Magamba. Barua yangu ilikuwa ya kurasa tatu.

Nilijua. Nataka hilo liandikwe bila kuficha. Mita moja ni inchi thelathini na tisa na robo tatu ya nusu inchi, au uiseme utakavyo. Ni futi tatu, inchi tatu, na kitu juu. Niliwahi kuijibu katika mtihani na nikapewa alama zote. Mita saba na nusu ni futi ishirini na nne na inchi saba. Kidogo kile, kikirudiwa mara saba na nusu, ni zaidi ya futi mbili. Mtoto wa darasa la sita angeipata kwa kalamu na ukurasa. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Walikata miti mitano, wakapasua boriti tano, kwa siku nane. Siku ya kumi na tatu ya kibali, wanaume wa vijiji vitatu walipanda kuzibeba. Boriti ya mkulo mbichi ni nzito kama ng'ombe aliyekataa kwenda. Watu kumi na wanane kwa boriti moja, mabegani, kwa nyimbo, katika zile kona za barabara. Harufu yake, iliyo kama ya kafuri, iliwatangulia, na kina mama wa Kwemtindi waliisikia kabla hawajawaona wabebaji, wakaanza kupiga vigelegele. Tobia alitangulia mbele mikono mitupu. Ndiyo desturi kwetu: aliyepasua habebi, hutangulia kama baba wa bibi arusi.

Siku ya pili yake, asubuhi, tukapandisha boriti ya kwanza. Hezekia alikuwa juu ya ukuta wa mashariki, mwanawe Timotheo juu ya ukuta wa magharibi, na sisi chini tukivuta kamba. Ncha moja ikalala ukutani kwa Hezekia. Watu wakashangilia.

"Shusheni huku!" Hezekia akaita.

"Bado," Timotheo akasema. "Sogezeni kwangu."

Wakasogeza. Ikatoka kwa Hezekia.

"Rudisheni kwangu kidogo!"

Wakarudisha. Ikatoka kwa Timotheo. Mzaha ukaanza chini. Mmoja akasema ukuta umenenepa kwa kungoja paa. Mwingine akasema Timotheo amekunywa, avute ukuta karibu. Watu walicheka kweli, kwa furaha, maana siku ilikuwa njema na chakula kilikuwa motoni.

Kisha wakaishusha boriti mpaka ikaning'inia katikati, sawa na kichwa cha ukuta, na kila mtu akaona. Kwa Hezekia palibaki upenyo wa kidole kimoja. Kwa Timotheo palibaki upenyo wa kidole kimoja. Boriti ilipita kati ya kuta mbili kama mtu apitavyo mlangoni, haikugusa huku wala kule.

"Leteni ya pili," akasema Hezekia. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tobia akasema, "Usiwachoshe watu, Hezekia. Zote ni moja."

 Nilisikia chungu kikichemka nyuma ya ukuta. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu kichwani, upesi sana safari hii, na jibu lilikuwa limesimama mbele yangu kama askari.

Hezekia alishuka kwa ngazi. Yeye si mtu mbaya. Lakini alikuwa ameandika barua zile za kibali kwa miaka minne, na alikuwa na vidole vitano vya karani machoni mwake. "Tobia," alisema, "karatasi nilikuonyesha. Mita saba na nusu. Umepima nini wewe?"

"Nimepima vibaya."

"Vibaya kwa futi mbili? Wewe? Kwani ulikuwa umelala?"

Ramadhani akasogea mbele. "Mzee Hezekia, fimbo yake ilichukuliwa sokoni, na mwalimu ndiye alimwam—"

"Ramadhani!" Sikuwahi kumsikia Tobia akipaza sauti hivyo. "Nani mtu wa juu?"

Ramadhani akatazama chini. "Wewe."

"Nani hupima?"

"Wewe."

"Basi wewe ulikuwa shimoni. Hukuona kitu." Kisha akawageukia wazee. "Nimepima mimi. Hakuna mwingine."

Hapo ndipo mahali pangu pa kusema palipokuwa.  Neno moja lingetosha. Nimehutubia vijana juu ya haki, nimewaambia mtu huru ni yule asiyeogopa kusema kweli mbele ya mkubwa. Mbele yangu hakukuwa na mkubwa. Palikuwa na majirani, na wazazi wa wanafunzi wangu, na kina mama wenye miiko. Nilifungua kinywa. Wazazi wale walinitazama, kwa maana jina langu lilikuwa limetajwa nusu, na katika macho yao niliona kwamba hawakuamini hata ile nusu. Mwalimu akosee hesabu? Nikafunga kinywa.

Wazee walikaa palepale kwenye matofali. Walisema kujenga nguzo ndani ili kupunguza upana hakuwezekani, maana matofali ya kuchoma yamekwisha, basi paa lingoje mpaka msitu uruhusu miti mingine, au ipatikane fedha ya kununua mbao kiwandani. Boriti tano zipasuliwe mabenchi. Na mbao zote zilizobaki za nyumba hiyo, kenchi, milango, madirisha, zipimwe na mtu mwingine. Hezekia aliyasema hayo akitazama ardhi. Tobia alijibu, "Ni haki." Chakula kililiwa, maana kilikuwa kimekwisha pikwa, lakini hakuna aliyeimba.

Jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, nilikwenda kwake. Mama Klara alinikaribisha kiti na hakunitazama. Tobia alikuwa ameketi kizingitini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kukuambia kesho nitakwenda kwa wazee. Nitasema yote."

"Utasema nini?"

"Kwamba nilikuambia mimi. Kwamba uliniuliza kidogo ni ngapi, nami sikukujibu."

Alitikisa kichwa. "Uliniambia kidogo. Mimi miaka arobaini najua kidogo si kipimo. Akija mteja akaniambia, ongeza kidogo, namwambia nionyeshe kwa kidole. Nilijua, na nikakata. Unajua kwa nini?"

Nilikitazama kizingiti alichokalia.

"Kwa sababu ni wewe. Nilisema moyoni, huyu mtoto tulimpeleka kusoma ili sisi tusihangaike tena na kamba. Nikaona haya kwenda kulaza kamba ukutani na hali mtoto wetu amesoma. Haya ile ni yangu. Usinichukulie."

"Lakini jina lako, baba. Wamekunyang'anya kazi."

"Jina langu limekwisha kula chumvi nyingi. La kwako bado bichi." Alikohoa. "Abdallah wa kule ng'ambo ya mto alikuwa hataki binti yake asome. Ameanza kumleta juzi. Kesho asikie mwalimu hajui mita, atamrudisha shambani kuchimba matuta, na wengine watafuata. Nyumba isiyo na paa, watu watavumilia. Isiyo na watoto, je?"

"Hiyo si haki," nilisema. Machozi yalikuwa yamenijia, na nilikasirika kwamba yamekuja. "Huwezi kunifanya niishi na uongo."

"Na wewe huwezi kunifanya mwongo mbele ya wazee. Nimesema nimepima mimi. Ukienda kesho, watasema Tobia amekata vibaya, tena amesema uongo." Akanitazama, kwa upole uliokuwa mgumu kuuvumilia kuliko matusi. "Nisomee ile barua uliyoandika. Ya fimbo."

Nilikuwa nayo mfukoni. Sikuwa nimeipeleka, kwa kuwa nilikuwa nikiinyoosha Kiingereza chake. Nikamtafsiria yote, kurasa tatu. Aliposikia pale penye chombo cha kazi na heshima, alisema "Ee," taratibu. Nilipomaliza alizigusa karatasi kwa kidole.

"Nzuri sana," alisema. "Uliiandika wakati ule nilipokuwa nakuuliza?"

"Ndiyo, baba."

"Nzuri sana."

Mama Klara aliinuka akaingia ndani.

Niliondoka bila kuahidi kitu. Njiani niliamua kwamba nitakwenda kwa Hezekia hata hivyo, na nilipofika nyumbani niliamua kwamba sitakwenda, na hivyo ndivyo nilivyopita usiku.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema, ukungu ukiwa bado bondeni, bado sijui miguu inanipeleka wapi. Karibu na kijito, mahali wanapopasulia mbao za kijiji, nilisikia sauti za watu wakibishana. Nikasimama nyuma ya migomba.

Moja ya boriti zile ilikuwa imelazwa juu ya shimo. Tobia na Ramadhani walisimama pande mbili za shimo, wote wawili wakiwa bado ardhini, hakuna aliyepanda juu ya boriti wala aliyeshuka.

"Sipandi," alikuwa akisema Ramadhani. "Nikuue? Mtu wa miaka sitini na zaidi? Utakufa kwa kikohozi."

"Panda. Wazee wamesema apime mwingine."

"Mimi sijui kuongoza mstari."

"Umeusoma kwa vidole miaka ishirini na sita. Sasa utausoma kwa macho. Panda, ndugu yangu."

"Tobia, tafadhali. Kwa Mungu."

 Tobia alivua kofia yake akaitundika kwenye tawi. Akatoa kitambaa cha Mama Klara, akajifunga kichwani, akakishusha mpaka kwenye nyusi, kama alivyokuwa akijifunga mwenzake. Kisha akashika ukingo, akageuka, akashuka shimoni taratibu, mguu mmoja, halafu wa pili, mpaka sikumwona tena ila mikono miwili iliyoinuka kushika mpini wa chini wa msumeno.

Ramadhani alisimama peke yake kwa muda mrefu. Akajifuta uso kwa kiwiko. Akapanda juu ya boriti, akautafuta mwanzo wa mstari kwa vidole, ingawa palikuwa na mwanga wa kutosha kuuona, akashika mpini wa juu.

"Haya," ikasema sauti kutoka chini.

Msumeno ukashuka. Unga mweupe wa mkulo ukaanza kumwagika shimoni.